Majina Saba Yasiyotiwa Rangi

Mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka kumi, ng'ombe wa baba yangu waliisha kwa ukame, na shida yangu ikaanzia hapo. Baba aliwachuna mmoja mmoja, ngozi akazianika nyuma ya tembe yetu ya udongo, na ile ya mwisho ilipokauka naye akalala chini, hakuamka. Nilikuwa darasa la tatu. La nne sikulifikia.

Mama alinipeleka Mpwapwa kwa fundi mmoja aliyekuwa akichonga mawe ya makaburi ya misheni. Hakumwomba anifundishe kazi, alimwomba anilishe. Mzee yule akanishika mikono, akaigeuzageuza kama mtu anayenunua viazi, akasema huyu atafaa. Mwaka wa kwanza niliponda kokoto tu. Wa pili nikapewa tindo. Kusoma nako nimejifunzia makaburini, maana nilikuwa naichonga herufi kwanza, jina lake naambiwa baadaye. Leo mtu akiniuliza nimesoma wapi, namjibu nimesoma kwa marehemu, na hawakunidai ada.

Fundi wangu alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hadi anakufa: jina la mtu aliye hai halitiwi rangi. Watu huagiza jiwe la wawili. Mume akifariki, mke anasema na langu lichongwe hapohapo, siku yangu ikifika watoto wasihangaike. Basi unayachonga yote mawili. La marehemu unalijaza rangi nyeusi, la mjane unaliacha jiwe tupu. Ukipita kwa mbali unaona jina moja. Siku mjane naye akiondoka, watoto wanakuja kukuita, unakwenda na kopo lako na brashi, unalijaza. Mzee alisema rangi ndiyo maziko ya jina.

Sharti hilo nililivunja mara moja. Nilikuwa nimeshahamia Dodoma, nina karakana yangu Nkuhungu, najiona fundi mkubwa. Watoto wa mjane mmoja walitaka majina ya wazazi wao yafanane ili picha itoke vizuri. Nikawatilia rangi yote mawili. Mama yule hakuifikia mvua. Daktari alisema ni moyo, na huenda ni moyo kweli. Lakini tangu siku hiyo, mtu aje na picha, aje na kamera ya televisheni, jina la mtu anayepumua mimi silitii rangi.

Nayasema haya mapema ili asitokee wa kudhani kwamba nilichowafanyia watu wa chuo kilikuwa kiburi. Kiburi ninacho, na nimekitolea jasho, lakini cha siku ile hakikuwa kiburi.

Nina watoto watano. Wa mwisho, binti, ndiye pekee aliyefika chuo kikuu, huko Chimwaga. Majengo ya kule yalipokuwa yanapanda nilipata kibarua cha ngazi, kwa hiyo siku ya kuanza kwake nilimpeleka mwenyewe, nikamwonyesha ngazi moja, nikamwambia hii ni ya baba yako, ikanyage bila woga. Alisomea uuguzi. Nilishawatangazia majirani wote kwamba uzee wangu nitauguzwa na mwanangu, wao watauguzwa na foleni. Akamaliza, akavaa joho, tukapiga picha. Haukupita muda akaja kuniambia amechukuliwa jeshini.

Nilimwambia sikuvunja mawe miaka yote hiyo ili mtoto wangu akabebe bunduki. Akasema anakwenda kubeba wagonjwa. Nikamwambia wagonjwa wapo hapa mjini, wamelala wawili wawili kitandani, akawabebe hao. Hakubishana. Ana ukaidi wa mama yake, ule wa kunyamaza.

Alipopangiwa kwenda nchi ya jirani kulinda amani, alikuja kuaga asubuhi. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua jiwe. Akasimama pale na begi lake.

"Shikamoo, baba. Naondoka."

Nikaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Akaendelea kusimama. Nilijua anasubiri neno, nami neno nilikuwa nalo, ila lilikuwa limekwama nyuma ya hasira. Mwishowe nikasema, "Njia unaijua."

Akaondoka. Mama yake ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani.

Baada ya hapo akawa anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Mama yake anapokea, mimi natoka kwenda kutazama kuku. Kuku wetu hawajawahi kutazamwa kama Jumapili zile.

Ilikuwa mwezi wa nane tangu aondoke ndipo afisa wa chuo alipokuja karakanani. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Aliniamkia, akakaa juu ya jiwe bila kulipangusa, nikampenda kwa hilo. Akaeleza kwamba chuo kinataka kuwaenzi wahitimu wake waliotumikia jeshi kwa ushujaa. Patajengwa bustani ndogo, katikati liwekwe jiwe la granaiti lenye majina yao. Majina kumi na moja. Wanne walikuwa wamefariki, saba wako hai, na wengine wao bado wako huko walikotumwa. Sherehe ni Jumamosi ya wiki inayofuata.

Nikamwambia anisomee orodha nisikie urefu wa majina, maana jiwe hupimwa kwa jina refu. Akawa anasoma jina na sababu yake. Alipofika la tisa, majina mawili ya mwisho yalikuwa yangu.

Hakujua. Hapa mtaani naitwa Fundi, na waliomwelekeza walimwambia amuulize Fundi. Akaendelea kusoma: gari la wenzake lilipigwa, likawaka moto, muuguzi huyo alirudi mara tatu chini ya risasi kuwatoa majeruhi, wa tatu alimburuta kwa mkanda wa suruali kwa sababu alikuwa mzito kuliko yeye. Hayo yalikuwa yametokea miezi mitatu nyuma. Miezi mitatu, Jumapili kumi na kitu, na mama yake alikuwa ameambiwa tu kwamba hajambo na chakula ni kizuri.

"Unamfahamu, mzee wangu?" afisa akauliza. Nadhani uso wangu ulikuwa umebadilika.

"Ni wangu."

Akasimama. Akanisalimia upya, shikamoo ya pili, kana kwamba ya kwanza alikuwa amempa mtu mwingine.

Kazi nikaipokea. Usiku huo niliapa kwamba Jumapili ijayo simu nitapokea mimi. Jumapili ikafika, tukatoka kanisani, nikaweka kiti chini, simu nikaiweka pajani. Haikulia. Mama yake akasema labda mtandao. Jumatatu asubuhi redio ikatangaza kwamba kambi ya walinda amani imeshambuliwa, kuna waliokufa, majina yatatolewa baada ya familia kuarifiwa.

Mke wangu akapiga. Sauti ya kike ikasema namba haipatikani. Akapiga tena. Nadhani wiki ile aliisikia sauti ya yule dada wa simu kuliko alivyowahi kunisikia mimi. Nilimtuma mkwe wangu kwenye kambi ya jeshi hapa mjini kuuliza, wakamjibu kwa adabu kwamba familia zitakazohusika zitafuatwa nyumbani. Basi tangu hapo kila gari lililopunguza mwendo kwenye lango letu lilitukata pumzi. La mchanga. La maji. La jirani anayerudi kazini.

Mimi nikawa nachonga. Ningefanya nini kingine? Jumatatu majina matatu, Jumanne matano. Jumatano saa nne asubuhi nikafika la tisa. Nikapiga mistari ya chaki, nikaandika, nikashika tindo. Mke wangu alitoka ndani akasimama kati yangu na jua.

"Hilo usilichonge."

Nikamwambia nikiliacha patakuwa na pengo.

"Pengo ni afadhali," akasema. "Pengo linajazika."

Nilimweleza kwamba jiwe si kaburi, na kwamba rangi sitatia. Nilimkumbusha sharti la fundi wangu, analijua vizuri kuliko amri za kanisa. Akanisikiliza, akaketi chini kwenye vumbi la mawe na simu yake, akasema basi nichonge, lakini nichonge akiwa anaona. Nikachonga. Kila nilipopiga nyundo nilihesabu, na kila nilipomaliza herufi moja yeye alipiga simu mara moja. Jina la binti yangu lina herufi nyingi.

Alhamisi nikatia rangi majina manne ya marehemu. Saba nikayaacha.

Afisa alikuja jioni ileile kukagua. Akalisifia jiwe, akapitisha kidole, kisha akarudi nyuma hatua kumi na kukunja uso. Kwa mbali yalionekana majina manne tu. Akauliza kama rangi imeniishia, maana yeye aliniletea makopo mawili.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, sitamsingizia. Kisha akasema mila anaziheshimu, lakini hili si kaburi, ni jiwe la heshima. Kutakuwa na mgeni rasmi, kutakuwa na wapiga picha, na familia saba zitakaa mbele zikitazama jiwe lisilo na watoto wao. Akasema ataulizwa yeye, si mimi.

"Mzee wangu, nitawaambia nini hao wazazi?"

"Mmoja wao ni mimi," nikamwambia. "Mimi umeshaniambia."

Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya ofisini. Jiwe ni la chuo, litachukuliwa kesho, na kama mimi sitaki, Jumamosi asubuhi atakuja mtu mwingine kutia rangi palepale Chimwaga. Akachukua lile kopo la pili ambalo sikulifungua, akaondoka nalo.

Ijumaa kenta ikaja kulibeba jiwe. Vijana wanne waliliinua, mimi nikawaelekeza wapi pa kushika. Mke wangu akasema ningelivunja. Nilifikiria. Nyundo ilikuwa mkononi, na jiwe ukilipiga pale mshipa wake ulipo halihitaji pigo la pili. Lakini kulikuwa na majina manne yaliyokwisha kuzikwa pale, na ya watoto wa watu hayavunjwi kwa ajili ya wangu.

Jumamosi alfajiri nilipanda bodaboda. Mke wangu alibaki. Alisema wakija nyumbani wasikute mlango umefungwa. Nilivaa koti langu la kanisani, nikakaa kwenye ukingo wa ile bustani, mgongo umeegemea jiwe, upande ulipo mstari wa tisa. Jua lilipotoka akaja mchoraji wa mabango, mtu mzima mwenye ndevu, ana brashi tatu na lile kopo.

Akaniamkia vizuri. Akaniomba nisogee. Nikamwambia kopo hilo nalifahamu, na mimi sisogei. Akasema, mzee, mimi nimetumwa tu. Nikamwambia na mimi nimetumwa, ila aliyenituma amelala Mpwapwa tangu zamani na habadilishi ratiba. Akacheka kidogo, akakaa chini, akawasha sigara, akampigia afisa. Viti vilikuwa vinapangwa. Bendera zinafungwa. Askari wa bendi wameshaanza kujaribu tarumbeta zao, na kila tarumbeta ilipolia niliuma meno.

Afisa alifika akitembea upesi. Kabla hajasema neno, nyuma yake walikuwa wanakuja wageni wa mapema, na wa mbele yao alikuwa mama mmoja wa rika langu, khanga mbili, viatu mkononi. Alikuwa ametoka Mpwapwa na basi la kwanza, na mguu ulikuwa umevimba. Mwanawe alikuwa mmoja wa wale wanne. Akatusalimia wote pamoja kwa Kigogo, mbukwenyi, tukaitika. Akauliza nani kati yetu ni mwenye jiwe. Afisa akanitazama, mimi nikasema jiwe ni la chuo, lakini mkono ni wangu.

"Basi nionyeshe mwanangu. Mimi kusoma sijui."

Nikainuka. Ilinibidi niinuke, mama kama yule huwezi kumwelekeza ukiwa umekaa. Nikamuuliza jina, nikamshika kidole chake cha shahada, nikakiingiza kwenye herufi ya kwanza na kukipitisha taratibu hadi ya mwisho. Alikuwa anatamka kwa sauti ya chini. Tulipomaliza, kidole chake kikashuka chenyewe kwenye mstari wa chini, kikakuta herufi nyingine.

"Na huyu? Namgusa lakini simwoni."

"Huyo yuko hai, mama. Walio hai sijawatia rangi."

Akasogea karibu, akayagusa yote saba, moja moja. Halafu akaliona kopo, akamwona na mtu wa brashi, akaelewa. Alimgeukia afisa.

"Mwanangu, unaharakia nini?" akasema. "Mimi wa kwangu angeachwa hivi, ningekuja kumtazama kwa mguu kutoka Mpwapwa kila wiki."

Hakusema zaidi. Akaketi kwenye kiti cha mbele, akavaa viatu.

Afisa alibaki amesimama huku saa inakwenda. Alipiga simu kwa mkubwa wake, akatembea nayo hadi mwisho wa bustani na kurudi. Sikusikia alichosema, niliona mkono wake ukieleza. Akarudi, akamwambia mchoraji arudi mjini, fedha yake ataipata. Mimi akanipa kopo. Akasema nilikalie, lisionekane kwenye picha.

Sherehe ikaanza saa nne. Hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida ya hotuba. Yakaanza kusomwa majina, na kila jina familia inasimama, watu wanapiga makofi. La kwanza, la pili. Yule mama wa Mpwapwa alisimama la tatu. Hakulia. Mimi nilikuwa nahesabu kama ninavyohesabu nyundo. Walipofika la saba nikamwona mwanajeshi mwenye nyota mabegani akiinuka kwenye viti vya wageni, akizunguka nyuma ya umati, akija upande wangu.

Nitawaambieni ukweli. Nimefiwa na baba, na mama, na fundi wangu, na mtoto wangu wa pili akiwa mchanga. Sijawahi kuogopa kama nilivyomwogopa yule kijana aliyekuwa anatembea tu juu ya nyasi. Familia zitafuatwa, walisema. Nyumbani hawakunikuta, wamenifuata huku. Nikalibana lile kopo kwa miguu. Nikasema moyoni, kama ndivyo, basi rangi nimekuja nayo mwenyewe, mjinga mimi. Jina la tisa likasomwa. Nikasimama, maana ndiyo ilikuwa zamu yangu, na yeye akafika. Makofi yalikuwa yanapigwa. Akapiga saluti, akaninyooshea simu.

Nikaiweka sikioni. Mvumo, kama upepo kwenye bati. Halafu:

"Baba?"

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

Alisema wamekatiwa mawasiliano tangu shambulio, hii ni simu ya mkuu wake, ana dakika mbili. Amevunjika mkono wa kulia, umefungwa, hauumi sana. Najua anavyodanganya kuhusu maumivu, alinirithi mimi. Akasema mama amekwisha kupigiwa, ndiye aliyesema nitapatikana Chimwaga nimeegemea jiwe. Anarudishwa nyumbani mwezi ujao. Nikajaribu tena kusema lile neno nililokuwa nalo siku ile ya begi, na bado likanigomea. Nikamwambia tu nitakuja kumpokea, uwanja wa ndege, kambini, popote, anitajie siku.

Akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

"Usijisumbue, baba. Njia naijua."

Simu ikakatika. Bado nilikuwa nimesimama, watu wameshakaa, wamefika jina la kumi na moja. Yule mama wa Mpwapwa akanivuta koti nikae.

Alirudi kweli, na nilimpokea kweli, sikusikia la mtu. Mkono ulinyooka, haukunyooka wote. Amesharudi kazini. Jumapili simu napokea mimi, mama yake anasubiri zamu, na kuku wanajitazama wenyewe. Jiwe liko palepale Chimwaga. Ukisimama barabarani utasoma majina manne. Ukitaka saba yaliyobaki, sogea, inama, tumia kidole. Wapo wazazi waliolalamika mwanzoni. Siku hizi nawakuta pale wameinama.

Vitu nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vinne Nkuhungu, bati jipya. Karakana nyuma yake. Tindo kumi na nne, tatu ni za fundi wangu. Mashine mbili za kukatia mawe, moja mbovu. Ng'ombe sita, wako kwa mdogo wangu upande wa Mpwapwa. Shamba la zabibu, ekari moja. Mke mmoja. Watoto watano, wanne hai na mmoja tuliyemzika. Kuku sijahesabu. Picha ya joho, imetundikwa sebuleni.

Na kopo moja la rangi nyeusi, la chuo, halijafunguliwa. Siwarudishii.